Mwongozo mweupe, au namna nilivyochagua kivinjari cha maandishi

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, kabla sijamaliza kikombe cha chai, nilipigiwa simu na fundi wa kituo kimoja cha kusukuma maji. Ni mtu mzima, amenizidi umri kwa miaka isiyopungua ishirini, na si mtu wa kupiga simu ovyo. Baada ya shikamoo na marahaba alikwenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Mwanangu, huu mwongozo uliotuletea pamoja na toleo jipya ni mweupe. Nimeufungua mara tatu, hauna hata herufi moja." Nilimjibu kwa kujiamini kwamba huenda amefungua faili lisilo lenyewe, nikaingia kwenye seva yao ili nimwonyeshe, nikaandika ls -l, amri ya kuorodhesha mafaili na ukubwa wake, na jibu likaja: faili lipo, jina ni lile lile, tarehe ni ya jana, ukubwa wake ni sufuri. Ilinibidi nimwombe radhi mzee wa watu, kisha nikae chini nitafute mwongozo wa kurasa arobaini ulikoyeyukia.

Programu ninayoizungumzia nimeiandika mwenyewe na ninaitunza pamoja na mwenzangu mmoja. Kazi yake ni kusoma kumbukumbu za mita za maji, kuzipanga na kutoa hesabu za mwezi. Haina dirisha wala kitufe. Huendeshwa kwa mstari wa amri kwenye seva ambazo hazijaunganishwa hata na skrini, na mafundi huingia humo kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), baadhi yao wakiwa ofisini, wengine wakiwa wamesimama kando ya pampu na simu mkononi, kwa mtandao unaosuasua. Mtu aliye katika hali hiyo hana nafasi ya kufungua ukurasa wenye rangi na picha. Anachohitaji ni faili la maandishi matupu ambalo atalifungua kwa less, programu ya kusomea maandishi, atabonyeza mkwaju (/), ataandika neno analolitafuta na atafika. Ndiyo maana kila toleo la programu hutoka na mwongozo wa namna mbili: ukurasa wa HTML kwa wenye kompyuta za mezani, na faili la mwongozo.txt kwa wengine wote, ambao kwa kweli ndio wengi.

Mwongozo nauandika mara moja tu, kwa DocBook, ambayo ni mfumo wa alama za XML wa kuandikia nyaraka. Programu ya xsltproc, ikisaidiwa na mitindo ya DocBook, huugeuza kuwa ukurasa mmoja mrefu wa HTML, na hapo ndipo kivinjari kinapoingia. Vivinjari vya maandishi, yaani vile vinavyoonyesha kurasa za wavuti kwa herufi tu, vinavyojulikana vyote vina swichi iitwayo -dump. Ukikipa kivinjari swichi hiyo hakikufungulii ukurasa uusome. Kinausoma chenyewe, kinaupanga kwa upana wa herufi ulizotaja, kinayamwaga maandishi yaliyopangwa, kisha kinaondoka zake. Ukiyakinga maandishi hayo kwenye faili, umepata mwongozo.

Nimewahi kuulizwa kwa nini nitumie kivinjari kwa kazi kama hii badala ya kufuta tu alama za HTML na kubakiza maneno. Jibu ni kwamba kufuta alama ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kazi iko kwenye kupanga: kujua orodha iliyo ndani ya orodha nyingine isogezwe ndani kwa nafasi ngapi, aya ikatwe wapi, mfano wa amri uachwe kama ulivyo bila kuvunjwa mistari, na jedwali lenye safu tatu ligawane vipi herufi themanini za upana. Vivinjari vya maandishi vimekuwa vikifanya kazi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wala si mimi niliyegundua kuvitumia hivi. Mutt, programu ya barua pepe iliyoanzishwa na Michael Elkins mwaka 1995, hujenga mwongozo wake wa maandishi kwa njia hii hii. Linux-PAM, ambayo ndiyo huthibitisha watumiaji wanapoingia kwenye mifumo mingi ya Linux, ina faili la README kwa kila moduli, na mafaili hayo huanza maisha yake yakiwa XML kabla ya kupitishwa kwenye kivinjari. Hata xmlto, ambayo wengi huitumia bila kuitazama ndani, ukiiomba maandishi matupu humwita w3m, Lynx au Links nyuma ya pazia.

Kwa Mutt ndiko nilikojifunza mtindo ulioniponza. Hati yake ya ujenzi hujaribu Lynx kwanza. Lynx ikikosekana hujaribu w3m. W3m nayo ikikosekana hujaribu ELinks. Kwa programu inayojengwa na maelfu ya watu kwenye mifumo ya kila aina, ukarimu huo una maana, kwa sababu huwezi kujua mtu ana kivinjari gani kwenye mashine yake. Mimi niliuiga bila kujiuliza kama nina maelfu ya watu. Mstari wangu katika Makefile, faili la maelekezo ya ujenzi linalosomwa na programu ya make, ulikuwa hivi, nikiacha swichi ndogo ndogo ($@ ni jina la faili linalojengwa, na || ni kusema "ikishindwa, jaribu hii"):

-lynx -dump mwongozo.html > $@ || w3m -dump mwongozo.html > $@ || elinks -dump mwongozo.html > $@

Tazama kile kistari kilichotangulia neno lynx. Kinaiambia make kwamba amri hii ikishindwa isijali, iendelee na safari. Tazama pia ile alama ya kuelekeza maandishi kwenye faili. Shell, yaani programu inayopokea amri na kuzitekeleza, hulifungua faili kabla hata haijaitafuta programu yenyewe, kwa hiyo programu isipokuwepo, faili linakuwa limekwisha kuundwa, tupu. Miaka yote hiyo nilijenga matoleo kwenye kompyuta yangu ya mapajani, ambayo ina vivinjari vyote vitatu, na mambo yalikwenda sawa. Mwezi wa tano nilihamishia ujenzi kwenye kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta, dogo, la Debian (mmoja wa mifumo ya Linux), lisilo na chochote cha ziada. Lynx haikuwepo, w3m haikuwepo, ELinks haikuwepo. Amri tatu zikashindwa moja baada ya nyingine, kistari kikazifunika, make ikaliona faili la mwongozo.txt limekaa mahali pake ikaridhika, na mimi nikamtumia mzee faili jeupe.

Kusakinisha kivinjari ndani ya kontena ni kazi ya mstari mmoja. Ilipofika wakati wa kuuandika mstari huo ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kuchagua. Nilikuwa nimeiachia kila mashine ichague kwa niaba yangu. Nilipokumbuka hilo nikakumbuka na jambo jingine: wakati ule tulikuwa tunaliweka faili la maandishi ndani ya Git, chombo cha kutunza kila badiliko la mafaili, pamoja na msimbo, na kila mara mwenzangu alipojenga kwake, tofauti kati ya toleo lake na langu ilifunika karibu faili zima, ingawa alikuwa amebadilisha sentensi mbili. Nilidhani ni mhariri wake wa maandishi. Kumbe yeye alikuwa na ELinks tu, mimi Lynx ilikuwa ya kwanza kwenye foleni, na vivinjari hivyo viwili havikati mistari mahali pamoja.

Basi nikaanza na Lynx, kwa kuwa ndiyo mkongwe. Ilianzia Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani mwaka 1992, mikononi mwa Lou Montulli, Michael Grobe na Charles Rezac, ikiwa mfumo wa kusambaza habari za chuoni. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kwa intaneti. Huyo Montulli ndiye ambaye baadaye, akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari cha jina hilo, alibuni kuki mwaka 1994, kwa hiyo kila unapoombwa ukubali kuki unaweza kumkumbuka. Lynx bado inatunzwa, kwa miaka mingi sasa na Thomas Dickey, na ina sifa ambazo mtu anayejenga nyaraka huzipenda mara moja. Swichi ya -localhost huizuia isiende kugusa seva ya mbali wakati wa ujenzi. Swichi ya -display_charset=us-ascii huifanya ibadilishe kila herufi ya kigeni kwa ile inayoifanania zaidi kwenye kibodi ya kawaida: alama za kunukuu zilizopinda zinanyooka, alama ya hakimiliki inakuwa herufi c ndani ya mabano, na herufi e yenye mkazo inavuliwa mkazo. Ni ustaarabu wa zamani, wa watu waliojua kwamba upande wa pili huenda kuna tamino (skrini na kibodi vya kuingilia kompyuta) ya mwaka 1980.

Ipo pia swichi ya -with_backspaces, ambayo Mutt huitumia. Neno lililokolezwa kwenye HTML, Lynx huliandika pamoja na herufi za kurudi nyuma, kama mashine ya taipu inavyorudi na kupiga juu ya herufi iliyokwisha kupigwa, na less inapoliona hulionyesha likiwa limekolea au limepigiwa mstari. Kwa macho ni kitu cha kupendeza. Niliijaribu kwa wiki moja nikaiondoa, kwa sababu mafundi wangu hawaishii kwenye less. Wengi wao hutafuta neno kwa grep bila kulifungua faili, na grep haiwezi kulitambua neno ambalo katikati ya kila herufi zake kuna alama isiyoonekana.

Lynx ina tabia mbili ambazo zilinikera. Ya kwanza ni ile orodha ya viungo. Usipoikataza kwa -nolist, huweka namba ndani ya mabano kando ya kila kiungo, na mwisho wa faili huorodhesha anwani zote. Kwa ukurasa wa wavuti ni jambo jema. Kwa mwongozo unaojengwa kutoka faili lililo kwenye diski, anwani hizo zote huanza na file:/// zikifuatiwa na njia kamili ya saraka, ikiwa ni pamoja na jina la mtumiaji wa mashine iliyojenga. Toleo letu la kwanza kabisa lilizunguka vituoni likiwa na kurasa mbili za mwisho zilizotangaza saraka zangu za nyumbani, mojawapo ikiwa na jina ambalo nisingependa mteja alisome. Hiyo ilitibika kwa swichi moja, na aibu yake ilikwisha.

Ya pili haikutibika, nayo ni majedwali. Moyo wa mwongozo wetu ni jedwali la swichi zote za programu: safu ya kwanza ni swichi, ya pili ni thamani yake ya kawaida, ya tatu ni thamani ya juu kabisa inayoruhusiwa, ya nne ni maelezo. Lynx hujitahidi kulipanga jedwali ikiwa ni jepesi na kila mstari wake unatosha kwenye upana wa skrini. Maelezo yakirefuka hadi yalazimike kuvunjwa, inakata tamaa, inabomoa safu na kumwaga yaliyomo kwa mfululizo, kisanduku kwa kisanduku. Swichi ya kurudia kusoma mita ilipopita kwenye Lynx ilitoka hivi:

--rudia 3 5 Idadi ya majaribio kabla ya programu kuiacha mita na kwenda inayofuata. Thamani kubwa huchelewesha kazi.

Mimi niliyeiandika najua kwamba 3 ni thamani ya kawaida na 5 ni kikomo. Kijana aliyeajiriwa kituo kingine aliusoma mstari ule kama ulivyo, akaandika --rudia 3 5, neno kwa neno, na hakuna atakayemlaumu, maana mwongozo ndivyo ulivyosema. Programu ikaichukua ile 3 kuwa idadi ya majaribio na 5 kuwa namba ya mita, ikasoma mita namba 5 peke yake na kutoa hesabu za mwezi za kituo kizima zenye mteja mmoja. Wakati ule nilimwandikia barua ndefu ya kumweleza tofauti ya thamani na hoja. Barua hiyo nikiisoma leo naona haya.

Juu ya Links na ELinks sitakaa sana. Links iliandikwa na Mikuláš Patočka wa Jamhuri ya Cheki mwaka 1999. ELinks ilichipuka kutoka humo mwaka 2001, ikianzishwa na Petr Baudiš, aliyetaka kuongeza mambo ambayo mwenye asili hakuyataka. Zote mbili hupanga majedwali vizuri. ELinks ndiyo ninayosomea habari usiku ninapokuwa na kifurushi cha data kinachoelekea ukingoni, na ni kivinjari kizuri mno kwa mtu aliyekaa mbele yake. Lakini kizuri kwa msomaji na kizuri kwa ujenzi ni vitu viwili. Nimeirekebisha ELinks yangu kwa miaka, rangi hadi pambizo, na marekebisho hayo yamekaa kwenye saraka ya nyumbani, yakisubiri kuingia kwenye mwongozo wa wateja bila kubisha hodi. Yapo mambo ya kuyazima. Nilipoanza kuyaorodhesha niliona kwamba ninajenga ukuta kukizuia kivinjari kisifanye kile ninachokipendea.

Nikabaki na w3m. Hiki ni kivinjari cha Kijapani, kazi ya Akinori Ito, kilichoanza mwaka 1995, na jina lake ni kifupi cha maneno ya Kijapani yenye maana ya kuitazama WWW. Kilizaliwa kikiwa zaidi ndugu wa less kuliko ndugu wa Netscape: chombo cha kupitishia maandishi, ambacho kinasoma HTML. Asili hiyo bado inaonekana. Ukikimwagia HTML kupitia paipu na kukiambia -T text/html, kinapokea bila maswali. Hakiweki pambizo, hakiorodheshi viungo usipokiomba, na majedwali yake, kwa maoni yangu, hayana mpinzani katika ulimwengu wa maandishi matupu. Jedwali lile lile la swichi lilipopita kwenye w3m lilitoka na safu nne zilizonyooka, maelezo yamevunjwa mistari ndani ya kisanduku chake, 3 ikiwa chini ya neno "kawaida" na 5 chini ya neno "kikomo". Nililitazama kwa dakika nzima. Kisha nikamtumia yule kijana, safari hii bila barua.

Upo upande ambao mtu mwangalifu ataulalamikia. Toleo rasmi la mwisho la w3m kutoka kwa mradi wenyewe, 0.5.3, lilitoka mwaka 2011, na tangu hapo marekebisho yamekuwa yakifanywa hasa na watu wa Debian. Kama ningekuwa nachagua kivinjari cha kuingilia mitandaoni kila siku, hilo lingenitia wasiwasi. Kwa kazi ya kusoma faili moja nililolitengeneza mwenyewe, ndani ya kontena lisilo na mtandao, kutobadilika kwake nilikuhesabu kuwa fadhila: mwongozo uliojengwa mwaka jana na ule wa mwaka huu hutofautiana mahali nilipobadilisha maneno, si pengine popote.

Kilichonisumbua kwenye w3m kilikuwa kidogo zaidi ya hapo, na kilitoka kwenye lugha yetu. Mtu husema Kiswahili hakina taabu ya usimbaji wa herufi, kwa kuwa hatuna nukta za juu wala vimkia vya chini. Herufi tunazotumia zote zimo kwenye ASCII, ule usimbaji wa zamani wa herufi za Kiingereza, ya mwaka 1967. Ni kweli, isipokuwa ritifaa, ile alama ya juu katika ng'. Rafiki anayenisaidia kuhakiki mwongozo hufanya kazi yake kwenye programu ya ofisi, na programu hiyo huigeuza kila ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza. Iliyonyooka ni ASCII. Iliyopinda si ASCII. Kwenye Lynx sikuwahi kuliona tatizo hilo, kwa kuwa ule ustaarabu wake wa zamani ulikuwa ukininyooshea ritifaa kimya kimya. Kwenye kontena, ambako mazingira ya lugha hayakuwekwa na kwa hiyo yalikuwa C tupu, yaani yale ya msingi kabisa, w3m iliamua kwamba tokeo lake ni ASCII, na herufi isiyoweza kuiandika ikaiwekea alama ya kuuliza. Mwongozo ukawa unamwagiza fundi aangalie kama taa ya kijani "inang?aa", na kabla ya kuing?oa mita azime umeme.

Tiba ni kutokiachia kivinjari kikisie. Sasa nataja usimbaji, UTF-8 unaobeba herufi za lugha zote, pande zote mbili, -I UTF-8 kwa kinachoingia na -O UTF-8 kwa kinachotoka, na kabla ya amri naweka LC_ALL=C.UTF-8, ambayo Debian wamekuwa nayo siku nyingi na ambayo iliingia rasmi kwenye glibc 2.35, maktaba ya msingi ya mifumo mingi ya Linux, mwaka 2022. Pamoja na hayo nimeongeza hatua ya sed, programu ya kubadilisha maandishi, inayonyoosha ritifaa zote kwenye HTML kabla haijafika kwa kivinjari, kwa sababu fundi anayetafuta "ng'oa" kwenye less ataibonyeza ritifaa iliyo kwenye kibodi yake, nayo ni ile iliyonyooka. Iliyopinda ingemnyima jibu huku neno likiwa mbele ya macho yake. Kwa hili nakiri kwamba Lynx ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Jambo jingine la kutazama ni saraka ya nyumbani. w3m hupenda kuunda saraka yake ya .w3m humo inapoanza, na kwenye mashine za ujenzi za Debian saraka ya nyumbani huwekwa kwa makusudi mahali pasipokuwepo, ili programu zinazoitegemea zijulikane. Mimi huielekeza HOME kwenye saraka ya muda inayofutwa ujenzi ukiisha. Hivyo hakuna mipangilio ya mtu inayoweza kupenya.

Mwenzangu alipendekeza tuachane na vivinjari kabisa tutumie Pandoc, programu ya John MacFarlane ya kugeuza nyaraka kutoka umbo moja hadi jingine. Hoja yake haikuwa ya hewani. Watu wa hifadhidata ya PostgreSQL, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakilitengeneza INSTALL, faili lao la maelekezo ya kusakinisha, kwa Lynx, walihamia Pandoc, na hao si watu wa kubadilisha mambo kwa mitindo. Tuliijaribu. Maandishi yake ni safi, na haihangaiki na tamino wala mazingira ya lugha kama vivinjari. Lakini maandishi hayo ni ya mtu anayejua Markdown, mtindo wa kupamba maandishi kwa alama za kibodi, au aliye tayari kuvumilia alama zake, majedwali yake marefu yalitutaka tuyaandike upya ili yapendeze, na kifurushi chake, kilichoandikwa kwa Haskell, ni mzigo mzito kuingiza kwenye kontena ambalo kazi yake ni kutoa faili moja. Kama mwongozo wetu usingekuwa na majedwali ningekubali. Tulibishana siku mbili, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anapokea simu za mafundi wiki ile, nilimwachia aamue. Aliamua w3m baada ya kuliona jedwali la swichi.

Tulipokubaliana, ile foleni ya vivinjari vitatu tuliiondoa. Hili mwenzangu aliliona ni ukali, kwamba anayetaka kujenga kwake akiwa na ELinks tu tunamfungia mlango. Ni kweli tunamfungia, na ujumbe anaoupata unamwambia asakinishe w3m, jambo linalochukua nusu dakika. Nilichokuwa nimechoka nacho ni mwongozo unaotofautiana kulingana na aliyeujenga. Hata Debian, ambako vifurushi huruhusiwa kutaja mategemeo mbadala, mashine rasmi za ujenzi hutazama la kwanza tu katika mbadala hizo, ili kifurushi kile kile kisitoke leo kikiwa hivi na kesho vile. Kistari cha mwanzo wa amri kimefutwa. Juu ya Makefile nimeweka .DELETE_ON_ERROR, ambayo huifanya make ya GNU ilifute faili lililoanza kuundwa ikiwa amri imeshindwa, na faili tupu halina tena pa kujificha.

Amri yenyewe sasa ni hii:

w3m -dump -T text/html -I UTF-8 -O UTF-8 -cols 80 mwongozo.html

Baada yake kuna vipimo vitatu vifupi. Cha kwanza kinahakikisha kwamba faili si tupu. Cha pili kinatafuta kichwa cha kiambatisho cha mwisho, kwa sababu faili lililokatika katikati hupita kipimo cha kwanza bila shida. Cha tatu kinapima mstari mrefu kuliko yote, kwani w3m, pamoja na uhodari wake wa majedwali, ikikutana na neno refu lisilovunjika ndani ya kisanduku, mathalani njia ndefu ya faili, hulipanua jedwali hadi nje ya upana ulioagiza. Kipimo hiki kimenikamata mara nne tayari, na kila mara nililazimika kuifupisha njia ya faili katika mfano.

Toleo lilipokwenda vituoni, simu ya kwanza ilitoka kwa yule yule mzee. Safari hii mwongozo haukuwa mweupe. Tatizo lilikuwa kwamba yeye hausomi kwenye skrini. Huuchapa, wote, kwa printa ya nukta iliyopo ofisini kwao, na kuuweka kwenye faili la karatasi juu ya meza ya zamu, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumuuliza. Mistari ya majedwali, ambayo w3m ilikuwa imeichora kwa herufi za UTF-8, printa ile iliigeuza kuwa vurugu ya alama ambazo mzee alizielezea kwa simu kwa jitihada kubwa. Nikaongeza -no-graph, ambayo huifanya w3m ichore jedwali kwa vistari, alama za kujumlisha na mikato wima ya kawaida, nikamtumia tena jioni ile ile.

Kesho yake akanitumia picha ya ukurasa uliokwisha kuingizwa kwenye faili lake. Jedwali lilikuwa limenyooka vizuri. Ila w3m, kama nilivyoisifu hapo juu, haiweki pambizo, na mashine ya kutoboa karatasi ilikuwa imepita juu ya safu ya kwanza, ikatoboa matundu mawili: moja limeondoka na vistari vya --rudia, jingine limemeza herufi mbili za mwanzo za --muda. Lynx huacha nafasi tatu upande wa kushoto. Kwa miaka nilizihesabu nafasi hizo kuwa upotevu wa skrini, na hata kwenye ubishi na mwenzangu nilizitaja kama kasoro.

Upana sasa ni -cols 72, na mwisho wa amri kuna paipu inayoelekea sed 's/./    &/', ambayo huusogeza kila mstari wenye maandishi nafasi nne kulia.